Kusoma Majibu ya Vipimo vya Tezi Dundumio: Mwongozo Kamili

Majibu ya vipimo vya tezi dundumio, ambayo hospitalini wengi huiita thairoidi, huja na mistari miwili au mitatu tu. Ufupi huo ndio unaowaponza watu. Mmoja huona herufi H, yaani juu, kando ya TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo, anapita duka la dawa, na baada ya wiki mbili anameza vidonge vya maisha kwa sababu ya nambari ambayo huenda ingerudi sawa yenyewe. Mwingine huambiwa TSH yake iko sawa, aende nyumbani, ilhali tatizo lake liko kwenye ubongo, mahali ambapo TSH peke yake haiwezi kulifichua.

Karatasi hiyo husomwa kwa mpangilio. Kwanza, damu ilitolewa mtu akiwa katika hali gani. Pili, TSH na FT4, yaani homoni huru ya tezi yenyewe, zinasema nini zikiwekwa pamoja. Tatu, je, ni jambo la kutibiwa leo, au ni la kupimwa tena? Dozi na dawa zinabaki mikononi mwa daktari, lakini mgonjwa anayejua mpangilio huu huuliza maswali yanayofaa.

TSH husomwa kinyume

Tezi dundumio imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Hutumia iodini, ambayo sisi huipata hasa kwenye chumvi, kutengeneza homoni mbili: T4 na T3. T4 ndiyo inayotolewa kwa wingi. T3 ndiyo yenye nguvu, na sehemu kubwa yake hutengenezwa nje ya tezi, kwenye ini, figo na viungo vingine, kutokana na T4.

TSH haitoki kwenye dundumio. Hutolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru dundumio ifanye kazi. Homoni zikipungua mwilini, pituitari huongeza amri na TSH hupanda. Homoni zikizidi, amri hukatwa na TSH hushuka. Kwa hiyo TSH ya juu maana yake kwa kawaida ni dundumio iliyolegea, na TSH ya chini ni dundumio inayofanya kazi kupita kiasi. Wagonjwa wengi hulielewa jambo hili kinyume, wakaona "TSH juu" na kudhani homoni zimewazidi.

Tena pituitari ni nyepesi kushtuka. FT4 ikipungua hadi nusu, TSH yaweza kupanda karibu mara 100. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza huwa TSH: hubadilika mapema, FT4 ikiwa bado ndani ya kiwango. Kama pesa ni za kubana, anza na TSH, na uiombe maabara ihifadhi sampuli ili FT4 ipimwe kwenye damu ileile endapo TSH itatoka nje ya kiwango. Kuna hali chache ambazo lazima vipimwe pamoja tangu mwanzo: ujauzito, mtu aliye kwenye dawa za dundumio, na anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa pituitari.

Kabla ya kutoa damu

Huhitaji kufunga kula. Linalohitajika ni kupimwa katika hali ileile kila mara. TSH huwa juu usiku na alfajiri, kisha hushuka mchana. Mtu aliyepimwa saa moja asubuhi mwezi wa Machi na saa tisa alasiri mwezi wa Juni anaweza kuona tofauti ambayo haina uhusiano wowote na ugonjwa. Chagua asubuhi, na urudi asubuhi.

Kama unameza levothairoksini, kidonge cha kufidia T4 iliyopungua, toa damu kwanza, ndipo umeze kidonge. Ukimeza kabla, FT4 hupanda kwa saa kadhaa na majibu yatakuonyesha una homoni nyingi kuliko ulizo nazo siku nzima. Beba kidonge mfukoni, umeze ukishatoka maabara.

Kisha kuna biotini, na hapa inafaa kukaa kidogo. Biotini ni vitamini iliyomo ndani ya vidonge vingi vya kukuza nywele na kucha, vinavyouzwa madukani na mitandaoni. Mwili wa mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge hivyo mara nyingi huwa na 5,000 au 10,000. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini kama gundi ya kunasia homoni wakati wa kupima. Biotini ikijaa kwenye damu, gundi hiyo huvurugika: TSH husomeka chini kwa uongo, na FT4 na FT3 (T3 huru) husomeka juu kwa uongo. Karatasi huonyesha picha kamili ya dundumio iliyochachamaa kwa mtu ambaye hana ugonjwa wowote. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili kwa vipimo vya aina mbalimbali. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 hadi 3 kabla ya kupimwa, na wenye dozi kubwa zaidi wakae muda mrefu zaidi. Mwambie anayekutoa damu, hata kama hakukuuliza.

Usipimwe dundumio ukiwa mahututi kwa ugonjwa mwingine, isipokuwa daktari anashuku dundumio yenyewe. Malaria kali, nimonia, upasuaji, kushindwa kula kwa siku nyingi: yote haya hushusha T3 kwanza, na baadaye TSH na hata T4. Mgonjwa akianza kupona, TSH huruka juu, wakati mwingine hadi karibu 20, kisha hurudi. Anayepimwa kwenye wodi kwa wakati usiofaa huondoka na ugonjwa wa karatasini. Subiri wiki 6 baada ya kupona.

Andika pia dawa zote unazotumia. Amiodaroni ya moyo ina iodini nyingi na yaweza kuilegeza dundumio au kuichachamaza. Lithiamu, ya magonjwa ya akili, huilegeza. Steroidi za dozi kubwa hushusha TSH. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha T4 ya jumla, ingawa T4 huru hubaki sawa; sindano ya Depo na vipandikizi vya mkononi havina estrojeni, kwa hiyo havileti shida hiyo.

Kwenye maabara

Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mkono, mililita 3 hadi 5, na kuwekwa kwenye chupa ya kifuniko chekundu au cha njano. Huachwa igande kwa takriban nusu saa, kisha huzungushwa kwenye mashine ili maji ya damu yajitenge. Maji hayo ndiyo yanayopimwa. Kituo kidogo cha Molo, Bondo au Webuye huenda kikatoa damu tu na kuituma kwingine. Hakuna ubaya, mradi maji ya damu yametenganishwa mapema na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Hapo homoni hizi hudumu siku kadhaa. Hatari kubwa iko kwenye lebo. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye chupa ukiwa bado umekaa kitini.

Uliza maswali mawili: sampuli itapimwa wapi, na je, maabara hiyo imeidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya la kuidhinisha maabara, kwa kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189? Kisha rudi palepale kila mara. Mashine mbili tofauti zaweza kutoa FT4 tofauti kwa damu ya mtu yuleyule, na daktari akabadilisha dozi kwa sababu ya mashine.

Kuna pia vifaa vya haraka vinavyofanana na vile vya malaria, vyenye mistari miwili, vinavyouzwa kama kipimo cha TSH. Vingi huonyesha kitu kimoja tu, kwamba TSH imepita kiwango fulani, mara nyingi 5. Haviwezi kugundua TSH iliyoshuka. Mtu mwenye moyo unaodunda, mikono inayotetemeka na uzito unaopungua anaweza kuambiwa yuko sawa. Visitumike kwa uamuzi wa dawa.

Vizio na viwango

TSH huandikwa kwa mIU/L au µIU/mL. Nambari ni ileile, usibadilishe chochote. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima asiye mjamzito ni takriban 0.4 hadi 4.0.

FT4, yaani T4 huru, huandikwa kwa pmol/L au ng/dL, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa wakihama maabara. Zidisha ng/dL kwa 12.87 kupata pmol/L. FT4 ya 1.2 ng/dL ni 15.4 pmol/L: hali ileile kabisa, ingawa moja ni 1 na kitu na nyingine ni 15. Kiwango cha kawaida huwa 12 hadi 22 pmol/L kwenye mashine moja, 9 hadi 19 kwenye nyingine. Kwa hiyo tumia kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yako, kamwe si cha jirani wala cha mtandaoni. FT3 mara nyingi huwa kati ya 3.1 na 6.8 pmol/L.

Ukiona T4 bila herufi F, hiyo ni T4 ya jumla. Inahesabu pia homoni iliyofungwa kwenye protini za damu, nayo ni sehemu kubwa mno; ile iliyo huru haifiki hata asilimia 1. Protini hizo hupanda kwa ujauzito na estrojeni, na hushuka kwa ugonjwa wa ini au figo, kwa hiyo T4 ya jumla hupotosha kwa urahisi. Maabara nyingi huuza kifurushi chenye T3 ya jumla, T4 ya jumla na TSH. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba TSH na FT4.

Mtu mwenye afya njema hana TSH moja. Hupanda na kushuka siku hadi siku, na tofauti ya asilimia 40 kati ya vipimo viwili haithibitishi mabadiliko yoyote. TSH iliyotoka 2.1 ikawa 2.9 haijaenda popote. Kadiri umri unavyosonga, kiwango cha juu nacho husogea. Kwa mzee wa miaka 80, TSH ya 6 inaweza kuwa kawaida yake.

Kusoma TSH na FT4 pamoja

Weka kidole kwenye TSH, kisha kwenye FT4. Mifano hii inatumia FT4 ya kawaida ya 12 hadi 22.

TSH 58, FT4 4. TSH iko juu sana na FT4 iko chini: dundumio yenyewe imeshindwa. Mtu huyu huwa na baridi, uchovu, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito, hedhi nyingi, mapigo ya polepole. Hapa hakuna ubishi, dawa huanzwa. Sababu ya kawaida ni kingamwili zinazoshambulia tezi, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Nyingine ni upasuaji wa shingo au tiba ya mionzi ya zamani.

TSH 6.2, FT4 14. TSH imepanda kidogo, FT4 iko sawa. Ni jibu linaloonekana mara nyingi sana, na ndilo linalotibiwa kwa haraka isiyo ya lazima. Rudia baada ya miezi 2 hadi 3, na wakati huo pima anti-TPO, kingamwili zinazoshambulia tezi. Sehemu kubwa ya majibu haya hurudi kawaida bila kidonge hata kimoja. Zikipatikana kingamwili, uwezekano wa kuendelea hadi upungufu kamili ni mkubwa zaidi: utafiti wa Whickham nchini Uingereza, uliofuatilia watu kwa miaka 20, ulionyesha takriban wanawake 4 kati ya 100 kila mwaka. Kwa hiyo mtu huyo hupimwa kila mwaka. TSH ikizidi 10 kwenye vipimo viwili, madaktari wengi huanza dawa. Mjamzito au anayetafuta mimba ana sheria zake, ambazo zinafuata hapa chini.

TSH chini ya 0.01, FT4 48. Homoni zimezidi. Alama ya "chini ya" haimaanishi kipimo kimeharibika. Maana yake TSH ni ndogo kuliko mashine inavyoweza kuhesabu. Dalili ni moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kuhara, kukonda licha ya hamu ya kula. Lakini usikubali kabimazoli, dawa ya kuizuia tezi isitengeneze homoni, kabla ya kujua sababu, kwa maana sababu zake kuu hutofautiana kabisa kwa matibabu. Ugonjwa wa Graves hutokana na kingamwili zinazoichochea tezi bila kukoma, na kabimazoli hufaa. Uvimbe wa tezi unaomwaga homoni zilizokuwa akibani, kama ule unaotokea ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, hauhitaji kabimazoli hata kidogo, kwa kuwa tezi haitengenezi homoni mpya, huvuja tu. Huisha wenyewe, mara nyingi ukipitia kipindi cha upungufu. Kipimo cha TRAb, kingamwili za Graves, hutenganisha hali hizi mbili. Macho yaliyotokeza humaanisha Graves karibu kila mara. Kama TRAb haipatikani, muda hufundisha: rudia TSH, FT4 na FT3 baada ya wiki 4 hadi 6. Zinazoshuka zenyewe ni za kuvuja. Wakati wa kusubiri, propranololi aliyoandika daktari hutuliza moyo, ila isitumiwe na mwenye pumu.

TSH chini ya 0.01, FT4 19. Omba FT3. Kuna watu ambao T3 pekee ndiyo iliyozidi, hasa wenye rovu (tezi iliyokua shingoni) la mafundo mafundo. Bila FT3, mzee mwenye moyo unaopiga ovyo hurudishwa nyumbani.

TSH 1.8, FT4 6. Jibu hili hupita machoni pa wengi kwa sababu TSH imeandikwa bila H wala L (chini). Fikiri kidogo: FT4 imeshuka hivi, pituitari ilipaswa kuongeza amri, TSH iwe 40 au 60. Kutofanya hivyo ndiko kunakoonyesha kwamba pituitari imeumia. Katika eneo letu, magharibi mwa Kenya, sababu mojawapo ya kukumbukwa ni mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Pituitari huwa imekua wakati wa ujauzito, na shinikizo la damu likiporomoka hukosa damu na sehemu yake hufa. Mama huyo hakutoa maziwa, hedhi haikurudi, nywele za kwapa zimepukutika, anachoka na kuzimia, na huenda imepita miaka 5 au 10. Huyu asipewe levothairoksini kwanza. Ni lazima kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ipimwe, na kama iko chini, homoni hiyo irudishwe kabla. Kuanza na levothairoksini kunaweza kumwangusha kwa hatari ya kifo. Rufaa yake ni ya hospitali kubwa: Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile wenyeji huiita Russia, au Moi ya Eldoret.

TSH 14, FT4 24. Zote mbili juu. Kwa mtu aliye kwenye vidonge, maelezo ya kwanza ni kwamba aliviruka kwa wiki kadhaa kisha akavimeza mfululizo siku chache kabla ya kliniki. FT4 hupanda upesi, TSH huchukua wiki nyingi kushuka. Wauguzi waulize hili kwa upole. Vidonge huisha, nauli hukosekana. Kwa asiyemeza dawa yoyote, fikiria kingamwili zinazoidanganya mashine, au uvimbe adimu wa pituitari. Kupima sampuli kwenye mashine ya kampuni nyingine husaidia kutenganisha.

TSH 0.25, FT4 13. Imeshuka kidogo tu. Angalia mimba changa, ugonjwa mkali wa karibuni, steroidi. Rudia.

Mama mjamzito

Katika miezi 3 ya kwanza, homoni ya mimba, hCG, huichochea dundumio kidogo na TSH hushuka, hata chini ya 0.1 kwa baadhi ya wanawake, hasa wanaotapika sana au wenye mimba ya pacha. Hiyo peke yake si Graves. T4 ya jumla nayo hupanda kwa karibu asilimia 50, ndiyo maana haisomwi kwa viwango vya kawaida. Mahali ambapo maabara haina kiwango chake cha wajawazito, 4.0 hutumika kama mpaka wa juu wa TSH mwanzoni mwa mimba.

Mama aliye kwenye levothairoksini asisubiri tarehe ya kliniki. Mahitaji hupanda tangu wiki za mwanzo, kabla wengi hawajaandikishwa. Utaratibu uliopendekezwa na chama cha dundumio cha Marekani mwaka 2017 ni kuongeza vidonge 2 kwa wiki mara mimba inapothibitishwa, yaani 9 badala ya 7, kisha kupima TSH kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Panga jambo hilo na daktari wako kabla ya kushika mimba. Baada ya kujifungua, dozi hurudi ilivyokuwa, na kipimo hurudiwa wiki ya 6. Vidonge vya madini ya chuma vya kliniki vimezwe saa 4 mbali na levothairoksini. Hili likisahaulika, TSH hupanda na dozi huongezwa bure. Na anayemeza kabimazoli amwone daktari siku anayojua ana mimba, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto.

Ukishaanza dawa

T4 hupungua nusu kila baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo mwili huhitaji wiki 5 hadi 6 kutulia baada ya dozi kubadilika. Pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Aliyepima baada ya wiki 2 amepoteza pesa.

Dozi kamili ya mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa ni takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 hukaribia 100. Mzee au mgonjwa wa moyo huanza na 25 na kupanda polepole.

TSH ikikataa kushuka, usikimbilie kuongeza dozi. Angalia kwanza jinsi kidonge kinavyomezwa. Kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, dakika 30 hadi 60 kabla ya chochote. Chai ya maziwa ya asubuhi ndiyo adui mkubwa hapa kwetu: kidonge na chai huingia pamoja, na kalsiamu ya maziwa huzuia dawa isifyonzwe. Kahawa, soya na dawa za kiungulia hufanya vivyo hivyo. Asiyeweza kuahirisha chai ameze usiku, zikiwa zimepita saa 3 tangu chakula cha jioni. Angalia pia mahali kidonge kinapohifadhiwa. Joto na unyevu wa kando ya ziwa huiharibu dawa hii, kwa hiyo ikae kwenye pakiti yake, mbali na jiko na dirisha.

TSH ikishuka chini ya 0.1 ukiwa kwenye levothairoksini, dozi imezidi, isipokuwa uliandikiwa hivyo kwa ajili ya saratani ya dundumio. Kwa mzee huo ni mlango wa moyo kupiga ovyo na mifupa kulegea.

Aliye kwenye kabimazoli asomwe kwa FT4 na FT3. TSH yake inaweza kubaki imelala kwa miezi baada ya homoni kurudi sawa, na daktari anayeifuata TSH peke yake ataongeza dawa hadi mgonjwa avimbe na kupoa. Na neno moja lisisahaulike: homa au koo linalouma ukiwa kwenye kabimazoli ni sababu ya kuacha dawa siku hiyohiyo na kupima hesabu kamili ya damu. Dawa hiyo, kwa watu wachache, huangamiza seli nyeupe. Koo hilo lisitibiwe kwa antibayotiki za dukani.

ARV na dawa za TB

Magharibi mwa Kenya jambo hili haliwezi kuachwa. Rifampisini huharakisha mwili kuondoa levothairoksini, kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa ametulia anaweza kuona TSH ikipanda anapoanza dawa za TB, na ikishuka anapomaliza. Ethionamidi, inayotumiwa kwa TB sugu, huilegeza dundumio yenyewe. Uchovu na kuvimba uso si "TB inarudi" mpaka TSH ipimwe. Kwa upande wa ARV, kinga ya mwili inaporudi huweza kuanzisha Graves, mara nyingi mwaka mmoja au miwili baada ya kuanza dawa. Mtu aliyenenepa vizuri, virusi havionekani tena kwenye kipimo, kisha anaanza kukonda na moyo kumwenda mbio: kabla ya kudhani dawa zimeshindwa, pima TSH.

Rovu au uvimbe wenye majibu safi

Damu safi haisemi uvimbe ni salama. Saratani nyingi za dundumio huacha TSH na FT4 zikiwa za kawaida kabisa. Uvimbe wowote unaoshikika unahitaji picha ya ultrasaundi, na baadhi huhitaji sindano nyembamba ya kuchukua seli. Ukikua upesi, sauti ikakauka, au kumeza kukawa kwa shida, usisubiri.

Rovu pia huuliza habari za jikoni. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Chumvi iliyofunguliwa na kuachwa wazi kando ya jiko hupoteza iodini. Mihogo, inayoliwa sana Busia na Siaya, ikiandaliwa bila kulowekwa na kukaushwa vyema huacha kemikali zinazozuia tezi kunasa iodini, na madhara huwa makubwa pale iodini inapokosekana. Nafaka ya uwele nayo huongeza tatizo hilohilo. Hakuna haja ya kuacha mihogo. Loweka, kausha, na utumie chumvi yenye iodini iliyofunikwa.

Usisubiri majibu

Homa kali, mapigo zaidi ya 140, kutapika na kuchanganyikiwa kwa mtu mwenye dundumio iliyochachamaa ni dharura ya saa, si ya siku. Vivyo hivyo mwili baridi, usingizi usioamshika na pumzi chache kwa mwenye upungufu. Matibabu huanza kwa dalili; karatasi itafuata.

Mtoto mchanga

Takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na dundumio isiyofanya kazi, na wengi wao hawaonyeshi dalili yoyote siku za kwanza kwa sababu homoni za mama bado zinawabeba. Ubongo hauwezi kungoja. Usidhani mtoto amepimwa kwa kuwa alizaliwa hospitalini. Uliza waziwazi, na uombe TSH kama haijafanywa. Damu huchukuliwa kisiginoni saa 48 hadi 72 baada ya kuzaliwa. Ikichukuliwa ndani ya saa 24 za kwanza, TSH huwa imeruka juu kwa kila mtoto kutokana na mshtuko wa kuzaliwa, na jibu hilo huleta hofu ya bure. Mtoto ambaye TSH yake iko juu kwenye tone la kisigino hutolewa damu ya mshipa siku hiyohiyo kwa TSH na FT4, na kama FT4 iko chini, levothairoksini huanzwa bila kungoja kipimo kingine. Kidonge husagwa na kuchanganywa na maziwa kidogo ya mama au maji kwenye kijiko, kisha hupewa mara moja. Kisitiwe ndani ya chupa nzima ya maziwa, kwa kuwa mtoto asipoimaliza dozi haijulikani. Dozi ni kubwa kwa uzito wake, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, na lengo ni aianze kabla hajatimiza wiki 2.